Tofali Halilii

Kawajense nzima, hapa Mpanda, ilikuwa na maoni kuhusu gari la Mzee Yotham, na mengi ya maoni hayo yalitolewa na watu ambao hawajawahi kushika hata spana namba kumi. Alikuwa analiunga mwenyewe nyuma ya nyumba yake, chini ya banda la mabati. Chesisi aliitengeneza kwa mabomba ya mraba aliyoyakata kwa msumeno wa mkono. Injini na giaboksi zilitoka kwenye pikapu ndogo iliyopinduka na kuuzwa chakavu. Magurudumu manne yalitoka kwenye magari matatu, viti vilitoka kwenye basi dogo, na usukani hakuna aliyejua umetoka wapi. Jirani yake Heri, mwenye duka la vocha na maneno mengi kuliko vocha, akalibatiza jina la Makande. Jina likashika. Hata Hana, mke wa Yotham, alikuwa akimuuliza jioni, "Vipi, makande yameiva?" na mumewe alicheka, maana Hana hakuwahi kumkasirisha kwa utani.

Lakini kilichowafurahisha majirani zaidi ni jinsi mzee mwenyewe alivyoliogopa gari lake. Mafundi wengine hapa mjini wanapandisha gari kwa jeki, wanasukumia jiwe au rimu chini, wanaingia mvunguni huku wanaongea na simu. Yotham alimaliza wiki tatu kabla hajaingiza hata kichwa. Alianza na sakafu. Alichimba udongo wa banda, akashindilia changarawe ya moramu, akamwaga zege, halafu akakaa akilingojea likauke, analimwagia maji asubuhi na jioni kama mtu mwenye bustani. Baada ya hapo akatengeneza stendi nne za bomba nene zenye miguu mipana, akaenda kiwandani kwa wapasua mbao akaleta vipande vizito vya mninga.

Siku ya kulinyanyua, alitia kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu, akaweka jeki kwenye chuma cha chesisi chenye nguvu, akapandisha upande mmoja, kidogo kidogo. Akaweka stendi. Akahamia upande wa pili. Gari lilipokuwa limekaa juu ya stendi zote nne, alipanga vile vipande vya mninga pembeni yake, viwili huku viwili kule, kupishana hadi vikakaribia kugusa chuma. Magurudumu aliyoyafungua akayalaza chini ya chesisi pia. Halafu akaegemeza bega kwenye ubavu wa gari na kulisukuma kwa nguvu zake zote, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Baada ya hapo ndipo alipolala chali na kuingia.

"Mzee," alisema Heri, aliyekuwa ameacha duka lake wazi ili aje aone, "haraka haina baraka, sawa. Ila na taratibu yako imepitiliza. Hilo ni gari au chatu?"

"Bora chatu," sauti ya Yotham ilimjibu kutoka chini. "Chatu ukimwona unakimbia."

Heri akacheka, akaenda kusimulia. Ni kazi rahisi kuicheka tahadhari ya mtu wakati hujui ameitoa wapi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Yotham aliumwa, tena nyoka alikuwa wa kufuga mwenyewe.

Alikuwa Mpimbwe, mzaliwa wa Mamba kwenye mashamba ya mpunga. Alikuja Mpanda kijana, utingo wa lori la tumbaku, na ufundi aliupata humo humo barabarani, kwa kulala chini ya magari yaliyoharibika porini. Huko ndiko alikokutana na Masele. Masele alikuwa Msukuma ambaye baba yake alihamia upande wa Mamba na ng'ombe wengi, na ukoo mzima haukumwelewa mtoto anayeacha mifugo na kwenda kujipaka girisi. "Ng'ombe hawana boliti," Masele alikuwa akiwaambia, "ndiyo maana wananichosha." Wakawa mafundi wawili wa jina moja, mtu akisema nimepeleka gari kwa Yotham alimaanisha pia kwa Masele. Walikula pamoja, wakaoa mwaka mmoja, na mke wa Masele, Ndaki, akamwita Yotham shemeji kana kwamba kuna damu kati yao.

Mwaka 2005 Yotham alikuwa anajenga. Alifyatua matofali mwenyewe, akapanga tanuri, akalichoma siku tano kwa kuni za mwitu, na tanuri lilipofunguliwa watu walikuja kutazama. Matofali yalikuwa mekundu, mazito, ukigonga mawili yanaita. Hakuna kitu Yotham alichowahi kujivunia kama matofali yale. Aliyazungumzia kilabuni hadi wakamwambia ayaoe.

Katika wiki hiyo hiyo likaja lori kutengenezwa springi ya nyuma, likaegeshwa kwenye uwanja wake. Walilipandisha kwa jeki ya Masele. Jeki ilikuwa moja na kazi ilikuwa pande zote mbili, kwa hiyo ilibidi upande wa kwanza uachiwe ukae juu ya kitu. Masele alisema, "Ngoja tukatafute gogo." Yotham akasema, "Gogo la nini, na matofali yote haya? Tofali linabeba nyumba, litashindwa na lori?" Alipanga nguzo mbili kwa mikono yake, nadhifu, utadhani anajenga baraza. Wakashusha lori juu yake. Lilikaa kimya. Masele akacheka, akasema kweli Mpimbwe umechoma mawe, akaingia chini upande ule. Yotham akaichukua jeki, akaipeleka upande wa pili.

Kila fundi wa Mpanda aliyezoea kuona nyumba za matofali ya kuchoma angeweza kufanya kosa lile, na wengi walilifanya na wakapona. Tofali linabeba nyumba kwa sababu ukuta mzima unagawana mzigo, na udongo umelishika. Chini ya ekseli ya lori ni jambo lingine. Uzito wote unakaa mahali pamoja padogo. Na tofali halilii. Mbao hulia kabla ya kuvunjika, chuma hupinda ukakiona. Tofali linakaa zima, zima, zima, halafu linakuwa vumbi.

Watu ishirini walilinyanyua lile lori kwa miti na mikono mitupu. Walimtoa Masele, lakini alikuwa ameshakwenda. Nguzo za matofali zilikuwa zimepondwa na kukanyagwa, udongo mwekundu juu ya udongo mwekundu, hakuna aliyezitambua. Jeki ndiyo ilikuwa imelala pale, imeanguka upande wa pili lori lilipotikisika. Askari aliyekuja kuandika maelezo akauliza nini kimetokea, na sauti tatu zikajibu kwa mpigo: jeki. Jeki ya nani? Ya marehemu. Yotham alikuwa amekaa chini na damu ya rafiki yake kwenye shati. Alisikia. Hakusema kitu.

Jioni ile alimwambia Hana ukweli wote. Hana alikuwa na mtoto mgongoni, binti yao Jeniffer, na mimba ya wa pili. Alimtazama mumewe, halafu akasema, "Kaa kimya. Ukisema, hatarudi. Na mimi utaniacha na nani?" Basi akakaa kimya.

Ukimya nao una gharama zake, ila gharama ile walilipishwa wengine. Mjini na Mamba ikajulikana kwamba Masele, mtoto wa mwenye ng'ombe, alikufa kwa ubahili, alishindwa kununua jeki nzuri. Wajomba walimsema msibani. Ndaki, mjane, alichukua jeki ile akaitumbukiza chooni kwa hasira, akimtukana marehemu aliyemwachia binti wa miaka minane na shamba la mpunga. Yotham alikuwepo, aliona. Tangu siku hiyo kila mavuno alikwenda Mamba kusaidia. Yule mtoto, Nyanzala, alipomaliza shule na kusema anataka ufundi, Yotham ndiye aliyempeleka chuoni, akamnunulia barakoa yake ya kwanza ya kuchomelea, akawa baba wa kusimama kwenye mahafali. Watu walimsifu. Kila sifa ilimuuma.

Sasa Nyanzala alikuwa na miaka ishirini na saba na karakana yake karibu na soko, na hakukuwa na mchomeleaji wa kumfikia Mpanda nzima kwa kazi ya juu chini, ile ya kulala chali na kuchomelea chuma kilicho juu ya uso wako. Na Makande yalikuwa yamefika hapo. Mhimili wa kubebea giaboksi ulitakiwa kuchomelewa kwa chini, kwenye kona mbaya, na macho ya Yotham hayakuwa tena ya kazi hiyo. Alijaribu mara mbili, akapata mabonge. Gari lenyewe lilikuwa na sababu: nyonga ya Hana ilikuwa imekwisha, bodaboda hapandi tena, na dada yake Gaudensia alikuwa mgonjwa kule Karema. Hana hakuomba gari. Alisema tu, siku moja, kwamba anaona hatamwona tena dada yake, na kesho yake Yotham akaanza kukata mabomba.

Hivyo Nyanzala akaja kuikagua kazi, siku ya Jumatano mchana, amevaa ovaroli la bluu, kitambaa kichwani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo huko?"

"Hajambo, analalamika ndege wanamaliza mpunga." Alizunguka gari, akainama, akatazama stendi, akatazama mninga, akatazama magurudumu yaliyolazwa. Akapiga mluzi. "Eh, baba mdogo! Hapa hata tembo akipanda halishuki. Wale wa mjini waje wajifunze."

"Nimezoea hivyo."

"Afadhali uzoee." Alikung'uta mikono, akasema kwa wepesi, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Baba angekuwa na akili hii tungekuwa naye. Mtu ana zizi la ng'ombe, anashindwa kununua jeki. Mimi jeki nimenunua mbili, ndiyo kitu cha kwanza nilinunua. Sitaki kufa kijinga kama yeye." Halafu akasema atakuja Jumamosi na mashine, akaondoka.

Yotham alibaki ameshika stendi moja kwa mkono. Alikuwa ameyasikia maneno yale kwa watu wengi, kwa miaka mingi, na alikuwa amejifunza kuyaacha yapite. Kutoka kinywani mwa mtoto wa Masele yalikuwa hayajawahi kumfikia. Kijinga, alisema. Mtu aliyesema ngoja tukatafute gogo, binti yake anamwita mjinga.

Siku tatu zile alifanya kazi bila kufanya kitu. Alilishusha gari, akalipandisha upya. Alipima stendi kwa timazi. Heri alipokuja na utani wake alimkuta mzee hajibu, akarudi dukani kwake bila kushiba. Yotham alijua vizuri kinachomtesa, na hakikuwa kitu cha kuzungushia maneno. Nyanzala angelala chini ya gari lililoshikiliwa na mikono ile ile. Stendi zilikuwa imara, hilo hakulitilia shaka. Lakini mtu anayelala chini ya mzigo ana haki ya kumjua aliyeuweka, na yeye alikuwa amemnyima Masele gogo na sasa anamnyima mtoto wake ukweli. Akimwambia, atampoteza. Hakuwa na mtoto mwingine wa karibu. Jeniffer alikuwa Mwanza na mdogo wake Arcade alikuwa mbali zaidi, wanapiga simu Krismasi. Nyanzala ndiye aliyekuja Jumapili na sukari, ndiye aliyemkanda Hana nyonga. Yotham aliogopa kumpoteza kuliko alivyowahi kuogopa chuma.

Ijumaa, Hana akiwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, alisema bila kuinua kichwa, "Unataka kumwambia."

"Nani kasema?"

"Umelishusha gari mara mbili. Mimi nimekaa na wewe miaka mingapi?" Aliendelea kuchambua. "Mwambie, Baba Jeni. Mimi ndiye niliyekwambia ukae kimya, na nilikuwa mjinga wa miaka thelathini niliyeogopa kubaki peke yangu. Ndaki akabaki peke yake mahali pangu. Usiku mwingine nikiamka nawaza hilo tu. Na ukienda kusema, sema na la kwangu."

"Anaweza asirudi tena hapa."

"Anaweza," alisema Hana. "Karema nitaenda kwa basi."

Jumamosi asubuhi Nyanzala alishusha mashine yake kwenye guta la mizigo, akavuta waya wa umeme kutoka nyumbani, akapanga vijiti vya kuchomelea. Betri ilikuwa imeshatolewa na tangi la mafuta lilikuwa bado halijawekwa, kwa hiyo cheche hazikuwa na cha kuwasha. Alitandika boksi sakafuni. Alikuwa ameshapiga magoti, barakoa imepanda kwenye paji la uso, Yotham aliposema, "Ngoja. Usiingie."

"Kuna nini?"

"Kaa kwanza."

Akakaa palepale juu ya boksi, akifikiri labda mzee amekumbuka kitu cha gari. Yotham hakujua namna nzuri ya kuanza, kwa hiyo alianza vibaya.

"Jeki ya baba yako haikuwa mbovu," alisema. "Haikuwa hata chini ya upande ule. Niliitoa mimi. Lori lilikuwa limekaa juu ya matofali yangu. Baba yako alitaka gogo, mimi nikamwambia tofali linatosha. Nilipanga mwenyewe. Yakapasuka."

Nyanzala alimtazama. Hakuonekana kuelewa, halafu akaonekana ameelewa, halafu uso wake ukawa hauna kitu.

"Nani anajua?"

"Mimi na mama yako mdogo humo ndani. Yeye aliniambia ninyamaze, lakini mdomo ni wangu. Watu walisema jeki, nikawaacha."

"Miaka kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Mahafali yangu ulikuja umevaa suti."

Kuku wa jirani walikuwa wakiparua pembeni ya banda, na kutoka dukani kwa Heri redio ilikuwa inapiga muziki. Nyanzala alivua barakoa, akaiweka chini taratibu.

"Nyie watu," alisema. "Nyie watu! Mimi shuleni walikuwa wananiimba. Mtoto wa jeki. Mimi nilimchukia baba yangu, unajua? Nilikuwa namchukia kabisa. Nikiona mtu bahili nasema huyu kama baba." Akafuta uso kwa mkono wa ovaroli, ukabaki na mstari mweusi. "Hayo matofali mengine yako wapi?"

Yotham akaonyesha nyumba. Ilikuwa imepigwa plasta pande zote na kupakwa rangi ya njano. Nyanzala aliiangalia, nyumba aliyolala humo likizo zote za chuo, akaenda akaweka kiganja ukutani. Yotham alifikiri sasa ataondoka, akaanza hata kutafuta kwa macho kijana wa guta wa kumrudishia mashine yake. Lakini Nyanzala aliporudi, alirudi kwenye gari.

"Alisema nini? Mwisho."

"Alicheka. Alisema Mpimbwe umechoma mawe. Halafu akaomba spana namba kumi na tisa, nikampa."

"Aliniwaza?"

Hapo angeweza kumdanganya kwa wema. "Sijui," alisema Yotham. "Hakukutaja. Alikuwa anafanya kazi."

Nyanzala akatikisa kichwa, kama mtu aliyepokea kitu kidogo lakini kizima. Akainama, akaanza kukagua. Alipiga kila stendi kwa nyundo. Aliingiza mkono kati ya mninga na chesisi, akavuta kila kipande. Alitingisha magurudumu yaliyolazwa chini. Hakuna siku Yotham aliyowahi kupimwa hivyo, na fundi mwingine angemkasirikia. Yeye alisimama pembeni amekunja mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Lala wewe kwanza," alisema Nyanzala.

Akalala. Miaka sitini na mbili, magoti yakalia, akajisogeza hadi kifua kikawa chini ya giaboksi. Aliona viatu vya Nyanzala vikijipanga, kisigino kikichimba kwenye zege. Halafu Nyanzala akalisukuma gari. Hakusukuma kama anayejaribu. Alilisukuma kwa bega, kwa kiuno, kwa pumzi, tena na tena, akilia kwa sauti sasa, na chuma juu ya uso wa Yotham kikatoa mlio mdogo wa kuguna lakini hakikwenda popote. Yotham hakufumba macho na hakutoka. Alisema moyoni kwamba likishuka na lishuke. Halikushuka.

Baadaye viatu vikatulia.

"Mama utamwambia mwenyewe," ilisema sauti ya Nyanzala, imekauka. "Mimi sikubebei. Utamwambia uwanjani kwake, wajomba wakiwepo, wale waliosema msibani. Sasa toka, nifanye kazi. Kazi nilimwahidi mama mdogo."

Alichomelea mpaka saa nane, akaacha mshono uliolala vizuri kuliko wowote kwenye gari lile. Hakuingia ndani kula. Hana alitoka na fimbo yake hadi mlangoni, wakatazamana, na hakuna aliyesalimia.

Jumanne iliyofuata, Makande yakiwa bado hayana namba wala breki za kuaminika, Yotham na Hana walipanda basi la asubuhi la kwenda Majimoto, jirani na Mamba. Yotham alitaka aende peke yake. Hana alisema ukimya ule waliupika wawili, na ataketi juu ya nyonga hiyo hiyo. Barabara ilipita katikati ya hifadhi, vumbi likiingia kila tundu na mbung'o wakiwang'ata kupitia nguo, na kila basi liliporuka Hana alishika mkono wa mumewe. Nyanzala alikuwa ametangulia siku moja kabla.

Ndaki alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba yake ya Mamba, mpunga umeanikwa mbele yake. Wajomba wawili wazee, walioitwa na Nyanzala, walikuwa kwenye viti. Aliwaona, akafurahi, akaanza kuinuka. "Shemeji! Na Mama Jeni naye, kwa nyonga hiyo? Kuna heri kweli?"

"Usiinuke," alisema Yotham. "Nisikilize kwanza."

Alisimama juani, kofia mkononi, akasema yote, bila kupamba. Gogo, tofali, jeki ilikokuwa. Alisema na alichoambiwa na mkewe, na Hana akaongeza, "Ni kweli, nilisema mimi." Mjomba mmoja alitaka kuinuka na fimbo, mwingine akamshika mkono. Nyanzala alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, hakusogea.

Ndaki hakumtazama Yotham. Macho yake yalikwenda upande wa nyuma wa shamba, ambako kaburi la Masele lilikuwa limeota majani, maana kwa miaka hakuna aliyeona sababu ya kulipalilia. Kuku wakaanza kudonoa mpunga wake, naye hakuwafukuza.

"Masele," alisema hatimaye, polepole, kwa Kisukuma kwanza halafu kwa Kiswahili, kama anayetaka wote wasikie. "Nimekutukana miaka kumi na tisa. Nisamehe."

Akavua kitambaa chake kichwani, akajifuta uso, akakifunga tena vizuri. Halafu akamgeukia binti yake.

"Waletee wageni viti," alisema. "Wametoka mbali."

Tangu alipoolewa, miaka yote ile, hakuwahi kumwita Yotham mgeni.